Kichwa cha Gradi

Kasaji, 11 Novemba 2023

Tantine Tshibola,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua imeanza kwa nguvu, mahindi nyuma ya nyumba yamefika magotini, na kuku mweupe ameanza tena kutaga chini ya kitanda. Mume wangu Guelord bado yuko Tenke, anachimba na wenzake. Mara moja kwa juma anapiga simu, anauliza kama tumekula, kisha anakata.

Mama Kanku, mama mkwe wangu, hakusalimu, na mimi sitakudanganya. Hajasahau siku ya harusi yetu uliponong'ona kwamba sombe yake, yale majani ya mihogo, haina chumvi, na watu wote wakasikia. Unisamehe, Tantine, lakini tangu ile mashine ya kusaga iharibu masikio yako, kunong'ona kwako kunafika stesheni. Ndiyo maana ninaandika. Simu iliyopo nyumbani ni ya Mama, na kuongea na wewe kwa simu ni kupiga kelele mpaka majirani waitikie. Jambo hili si la majirani.

Mtoto amezaliwa. Ni mwanaume, tumemwita Gradi. Nilisukuma Alhamisi tangu asubuhi mpaka nguvu zikaniisha, na moyo wa mtoto ukaanza kulegea. Mkunga akamvuta kwa ventouse, kile kikombe kinachonyonya kichwa. Alilia papo hapo. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mkunga, nikalala.

Kesho yake nikaona uvimbe kichwani, nyuma, upande wa kulia. Ni laini, kama nusu ya yai imewekwa chini ya ngozi. Mama alipouona aligonganisha viganja. Akasema: «Balimuvuta na mashini! Sasa damu mubaya inabakia mule mu kichwa.» Tangu hapo anaweka kitambaa cha maji ya moto mara kwa mara, anakaza na leso, anavalisha kofia ya sufu juu. Pazia limefungwa mchana na usiku. Hataki mtu yeyote amwone mtoto, kwa sababu watasema mwanawe amezaa mtoto wa vichwa viwili. Guelord nimemwambia tu kwamba mtoto ni mzima.

Tantine, niulizie kwa watu wanaojua. Je, ni ubongo unaotoka? Kila nikimnyonyesha naogopa kumshika.

Wako,
Kapinga

*

Dilala, 13 Novemba 2023

Kapinga, mtoto wa kaka yangu,

Nimecheza jikoni peke yangu, na sufuria ya maharagwe ikaungua. Mwanaume! Karibu duniani, Gradi, na pole kwa kukuta mvua. Sisi huku tupo. Pikipiki za taxi-moto zimejaa mpaka kuvuka barabara ni kama kuvuka mto, mkanda wa mashine yangu umekatika, na masikio yangu ni yaleyale. Ya sombe sitaki kuongea. Mtu akiulizwa na ulimi wake mwenyewe kama kuna chumvi, afanyeje?

Sasa kichwa. Nilikimbia na barua yako kwa Yolande, jirani yangu, yule muuguzi anayepima watoto pale kituo cha afya. Kwa kuwa sisikii, alinionyesha juu ya kichwa changu mimi, akinipapasa kama anayechagua nanasi sokoni. Fuata vizuri.

Kichwa cha mtoto mchanga kimetengenezwa kwa vipande vya mifupa, na kati yao kuna mistari. Pitisha kidole taratibu pembeni ya uvimbe. Kama unaishia kwenye mstari, hauvuki kwenda upande mwingine, basi ni damu iliyokaa kati ya mfupa na ngozi nyembamba inayoufunika. Ilitoka wakati wa kuvutwa, au wakati wa kupita kwenye mifupa yako wewe. Iko nje ya mfupa. Ubongo uko ndani, umefungiwa, haujui habari hiyo. Mwili wenyewe utainywa damu hiyo kidogo kidogo, kwa majuma mengi, pengine miezi.

Lakini kama kichwa chote kinavimba, kinatikisika kama maji mpaka kwenye masikio na shingo, na mtoto anapauka, usisubiri hata kufunga kitenge: hospitali. Kama uvimbe uko katikati kabisa na unakua akilia, hospitali. Ukiwa mwekundu na wa moto, au mtoto ana homa, hospitali vilevile.

Kitambaa cha moto, acha. Leso ya kukaza, acha. Kuukamua au kuutoboa, hapana, hapana, hapana. Yolande aliandika hapana tatu kwenye kiganja changu ili nisisahau. Ile damu ni safi kwa sababu imefungiwa. Ukifungua mlango, uchafu unaingia.

Na hili ndilo lililomfanya Yolande aache kucheka: damu hiyo ikiyeyuka inaweza kumgeuza mtoto kuwa wa manjano. Ninyi mmemfunika kofia na mmefunga pazia, mtaonaje? Leo hii mpeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua. Bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achilia, angalia rangi ya ngozi kabla damu haijarudi. Fanya hivyo kifuani na tumboni, tazama na weupe wa macho. Ukiona manjano, na hasa kama analala tu na hataki titi, kimbia.

Mkunga wako usimlaumu. Amekuletea mtoto anayelia.

Barua hii anabeba Sadrack, yule mfanyabiashara wa mihogo, anaondoka asubuhi. Nimemwambia asilale njiani.

Tantine yako,
Tshibola

*

Kasaji, 25 Novemba 2023

Tantine wangu mpendwa,

Tupo, sote tupo, na hilo nalisema kwa kumaanisha. Kuku mweupe anaatamia. Mbu ni wengi.

Sadrack alilala njiani; matope yalimshika. Barua ilifika imelowa pembeni, lakini maneno yalisomeka. Niliisoma nimekaa kitandani, nikasimama, nikafungua pazia. Mama akapiga kelele kutoka jikoni: «Unafungula nini? Bantu banapita!» Nikavua ile kofia, nikabonyeza pua ya mtoto.

Tantine, ilikuwa manjano kama unga wa mahindi ya njano. Kifua pia, tumbo pia, na macho nilipoyafungua kwa kidole. Na tangu usiku alikuwa hajanyonya vizuri. Unajua sisi tulikuwa tunasema nini? Tulikuwa tunamsifu. Tulisema Gradi ni mtoto mtulivu, hasumbui watu.

Mama akambeba mpaka hospitali. Walimweka chini ya taa ya buluu, uchi, amefungwa macho kwa kitambaa kidogo, na mimi nikawa namtoa kumnyonyesha na kumrudisha. Waliendelea hivyo siku kadhaa mpaka rangi yake ikarudi. Daktari aligusa kichwa akasema maneno yaleyale ya Yolande: damu juu ya mfupa, msiiguse. Akaongeza kwamba tungechelewa zaidi, ile manjano ingeweza kuingia kwenye ubongo wenyewe.

Nilikuwa naogopa uvimbe, kumbe hatari ilikuwa kwenye rangi. Mkononi mwako nimepata mtoto mara ya pili. Mwambie Yolande kwamba ninamwombea kila siku kwa jina. Sina neno kubwa kuliko asante, na nimelitafuta.

Kapinga

*

Dilala, 3 Desemba 2023

Kapinga,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa chini, nikalia vizuri kabisa, kisha nikaenda kumlilia Yolande nyumbani kwake. Wateja wa unga wamesubiri, na wakisubiri hawafi.

Kanisani tumeimba kwa ajili ya Gradi. Mimi siisikii kwaya lakini najua tuliimba, kwa sababu mbele yangu watu walikuwa wanageuka kunitazama. Msalimie daktari, msalimie mkunga, msalimie yeyote aliyewasha ile taa. Wote nawashukuru.

Endelea kumtazama rangi, mwache kichwa kama kilivyo, na uniandikie.

Tshibola

*

Kasaji, 16 Desemba 2023

Tantine,

Salamu. Mvua haitaki kutulia. Mahindi yamenipita kimo. Kuku mweupe ametotoa; vifaranga wawili wamechukuliwa na mwewe, waliobaki wanaendelea. Pale stesheni wamepaka rangi ukuta. Gradi ananyonya, anacheka usingizini. Guelord alisema huenda akaja kwa sikukuu, sasa anasema huenda asije.

Nakutakia Noeli njema wewe na Yolande.

Kapinga

*

Dilala, 19 Desemba 2023

Kapinga,

Umeniandikia juu ya mvua, mahindi, mwewe na rangi ya stesheni. Kichwa kiko wapi?

Mimi ni kiziwi, si kipofu. Mtu anayeandika barua nzima juu ya vifaranga ana jambo amelikalia. Inuka, unionyeshe.

Tshibola

*

Kasaji, 27 Desemba 2023

Tantine,

Salamu, na sikukuu imepita vizuri. Nakuandikia haraka kwa sababu Sadrack anaondoka leo.

Uvimbe ulikuwa unapungua, kisha pembeni ukawa mgumu. Sasa ukigusa unasikia ukingo kama wa sahani, mgumu kabisa, na katikati panabonyea kama shimo. Mama aligusa, akagusa tena. Baada ya siku mbili akasema mfupa unaoza, na maji yaliyobaki ndani ndiyo yanayoula. Kuna mtu anayetoboa majipu kwa wembe, wanamsifu sana sokoni. Mama amekubaliana naye aje baada ya mwaka mpya, Jumamosi ya kwanza. Guelord aliulizwa kwa simu, akasema: «Kama mama anasema, njo bile,» yaani iwe hivyo.

Mimi nimesema sitaki. Mama akaniuliza: «Weye ulizala bangapi mbele ya huyu?» Na kweli, Tantine, nikiweka kidole pale kwenye shimo, mimi mwenyewe siamini tena barua yako ya kwanza. Ndiyo sababu niliandika mambo ya vifaranga. Niliona aibu kukuuliza mara ya pili.

Lakini kuna kitu kingine sikukuandikia. Nilikuambia Mama alimbeba Gradi mpaka hospitali, basi. Sikusema zaidi kwa sababu najua hupendi asifiwe. Siku ile nilipoonyesha macho ya mtoto, alisema tu «Leta mutoto!» akamfunga kifuani akakimbia. Mvua ilikuwa inamwagika. Hakuvaa viatu. Alipita njia ya reli ili afupishe, akakatwa mguu na kokoto, akafika akiwa anatoka damu, na alipoulizwa alisema ni matope. Kidonda nilikiona baada ya juma. Mpaka leo anachechemea, na hakuna mtu aliyemwambia asante. Hata mimi.

Huyu ndiye anayeleta wembe. Hamchukii mtoto. Akimwangalia analia kwa siri, nimemwona.

Usiniandikie mimi, Tantine. Mimi atanishinda. Mwandikie yeye. Najua unachofikiri, lakini mwandikie.

Kapinga

*

Dilala, 30 Desemba 2023

Kwa Mama Kanku, Kasaji. Kapinga, msomee polepole, usiruke hata neno.

Mama Kanku, dada yangu,

Nakusalimu, na ninasalimu mguu wako.

Nimejua juzi tu kwamba ulikimbia bila viatu kwenye kokoto za reli na mjukuu wetu kifuani. Niliwashukuru daktari, mkunga, muuguzi, hata aliyewasha taa. Wewe sikukushukuru. Barua yangu ilimwambia Kapinga aangalie rangi, lakini barua haina miguu. Bila wewe ningekuwa nimeandika maneno mazuri sana kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Ninasema wazi, na laiti ungekuwa karibu ningelisema kwa sauti yangu ile, majirani wote wasikie: asante. Asante, mama. Umetuzalia Gradi mara ya pili.

Ya sombe tutaongea siku nyingine. Leo sikuja na sombe.

Nimekuja kukuomba. Nilimpelekea Yolande habari ya ukingo mgumu na shimo katikati. Hakushtuka. Alisema damu ikikaa muda huo, pembeni mwili unaanza kuijengea mfupa, ndiyo maana unasikia kama sahani. Katikati bado ni laini, kwa hiyo kidole kinadanganywa, kinadhani kuna shimo. Mfupa wa chini upo, mzima. Kama ngozi si nyekundu, mtoto hana homa, na ananyonya, hakuna kinachooza. Kichwa kitaendelea kukua, kitasawazisha chenyewe, na hiyo itachukua miezi. Ukiona wekundu au homa, umpeleke hospitali, na njia unaijua kuliko sisi sote.

Wembe ndio utakaoleta uozo unaouogopa. Mtoto aliyepona manjano utampoteza kwa usaha.

Wewe umelea watoto, nami najua mikono yako haiwezi kukaa bure ukiona mtoto ana shida. Sasa kazi iliyobaki ni ngumu kuliko kukimbia: ni kukaa na kumlinda asiguswe. Simjui mwingine mwenye nguvu ya kumzuia mtu mlangoni. Kapinga ni mpole mno. Nakuachia wewe.

Mimi niliyechelewa kukushukuru,
Tshibola

*

Dilala, 21 Januari 2024

Kapinga,

Jumamosi ile ilipita nikiwa nimekaa mlangoni nikitazama barabara kana kwamba Kasaji ni pale ng'ambo. Yolande amepiga simu ya Mama Kanku mpaka amechoka, haipatikani. Sadrack hajaonekana. Wanasema barabara imekatika. Hii nampa dereva wa lori nisiyemjua.

Neno moja tu. Wembe ulifika?

Tshibola

*

Kasaji, 10 Machi 2024

Tantine Tshibola,

Tusamehe, tusamehe sana. Daraja lilichukuliwa na maji, mnara wa simu ulizimika tangu mwaka mpya, na barua yako ya Januari imefika juzi, imekunjwa ndani ya gunia la chumvi. Nilipofikiria ulivyokaa muda wote huo bila kujua, nilikosa raha. Sote ni wazima. Mahindi tumevuna. Guelord amekuja, amemwona mwanawe, hajui amshike wapi.

Barua yako kwa Mama ilifika Ijumaa jioni, siku moja kabla ya yule mtu. Nilisoma polepole kama ulivyoniambia. Nilipofika kwenye mguu, Mama aliuficha chini ya kitenge. Nilipofika kwenye asante akasema: «Rudilia pale.» Nikarudia. Akasema tena: «Rudilia.» Nikarudia, kisha nikamshika miguu nikamwambia asante yangu mimi, niliyoiweka tangu Novemba. Alinipiga kidogo begani, akasema nimalize kusoma. Nikamaliza.

Asubuhi mtu alikuja na mfuko wake. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti mlangoni, Gradi mapajani, kichwa wazi, pazia limefunguliwa, na watu wanapita. Mtu akasema: «Mama, niko hapa juu ya ile kazi.» Mama akamjibu: «Kazi iliisha. Kula fufu, halafu urudilie kwako. Hii kichwa, muntu asiiguse.» Mtu akala, akaondoka. Mama hakutoka kwenye kile kiti mpaka jua lilipozama.

Baada ya hapo akawa mkali kuliko Yolande. Kila asubuhi anamtoa Gradi mlangoni kumtazama rangi, ingawa hatari ile imepita zamani. Mwezi uliopita mke wa jirani alijifungua, mtoto akatoka na uvimbe, bibi yake akachemsha maji. Mama aliingia bila kubisha hodi, akamwaga yale maji nje, akapitisha kidole kwenye kichwa cha yule mtoto, akawaambia: «Inaishia ku mustari? Basi muiache. Mufungule rideau,» yaani pazia. Kisha akawapeleka kituoni yeye mwenyewe, mtoto akapimwa.

Anakusalimu. Safari hii ni kweli. Amesema nikuandikie kwamba sombe ilikuwa na chumvi, na uje uonje mwenyewe.

Na sasa kichwa, kabla hujaniuliza kiko wapi. Jana jioni tulikuwa tunamwogesha Gradi, Mama na mimi, na Guelord ameshika taulo. Guelord akauliza uvimbe ulikuwa wapi. Mama akaweka kidole upande mmoja: «Ilikuwa huku.» Nikamwambia: «Hapana, mama, ilikuwa huku ingine.» Akapapasa, nikapapasa, tukamgeuza mtoto kama tunatafuta sindano kwenye mkeka. Ukingo wa sahani haupo. Shimo halipo. Kila mahali ni kichwa tu, kina nywele na sabuni. Tulibishana mpaka maji yakapoa na Gradi akaanza kulia, na hatukukubaliana.

Kapinga